Nyumba kwa Nyumba na Pesa Juu: Historia ya Kupatana Bei Kisangani

Mtu wa Kisangani akitaka kutoka nyumba ya zamani na kuingia nyumba mpya, mara nyingi hana pesa yote mkononi. Kitu alicho nacho ni lupango yake. Basi anamwendea mwenye nyumba mpya: "Papa, chukua lupango yangu, kisha tusikilizane juu ya pesa ya kuongeza." Wengi wanafikiri biashara hii ni ya juzi, imeletwa na makomisioneri. Si hivyo. Ina historia ndefu, na historia hiyo inaeleza kwa nini wengine walipata nyumba nzuri na wengine walibaki nje na watoto wao.

Kabla ya Stanley kufungua kituo chake kwenye maporomoko, mwaka 1883, Wagenia walikuwa wakitoa samaki na kupokea ndizi na mihogo ya watu wa msituni. Walokele nao walipandisha na kuteremsha mali mtoni kwa mitumbwi. Fungu moja likiwa dogo, mwenyewe anaongeza mpaka wote wawili waridhike. Hilo njo wazo lenyewe la "kuongeza juu". Lakini nyumba haikuingia sokoni. Ilikuwa ya miti, udongo na majani ya mangongo. Ikichoka, inajengwa nyingine, na udongo ulibaki wa ukoo. Watu wa Tippu Tip walileta vitambaa na Kiswahili, na si ajabu kwamba hata leo bei, deni, faida na hasara tunazitaja kwa lugha hiyo. Dola Huru ya Kongo ikaja na mitako, vipande vya waya wa shaba.

Nyumba ilipata bei ya kweli wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1952 ilianzishwa OCA, ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa, Stanleyville ikiwemo. Kwa ofisi ile hakukuwa na kubishana: bei imeandikwa, unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa jirani mambo yalikuwa mengine, pale watu waliketi chini ya mwembe na kusemezana.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya 1966, na hasa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, zilisema udongo wote ni wa Serikali. Kwa hiyo anayebadilisha nyumba anatoa jengo na haki ya kukaa pale, hatoi udongo wenyewe. Wengi wetu bado tunasema "nimeuza udongo", na hakimu anatusikiliza tu.

Kilichorudisha mabadilishano kwa nguvu ni pesa kuoza. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafula. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani, nayo haikudumu; 1998 ikaja franka ya Kongo. Fikiria mtu aliyetoa nyumba yake na kukubali nyongeza ilipwe baada ya miezi mitatu: alipokea karatasi za kununulia chumvi. Toka hapo watu wakataka nyongeza yao kwa dola, kwa mabati, kwa saruji au kwa baiskeli. Dola zenyewe zilikuwa zimezoeleka mjini kwa biashara ya almasi, iliyofunguliwa kwa wachimbaji wadogo miaka ya 1980. Halafu ikaja vita ya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Watu mamia walikufa. Nyumba iliyotobolewa na bomu, mwenyewe hakuwa na neno la kusema mbele ya mnunuzi.

Sasa tuangalie kupatana kwenyewe. Mjenzi anasema nyumba yake mpya ni dola 10.000, na lupango yako anaihesabu 4.000. Unalalamika. Kesho anarudi akitabasamu: "Papa, nimekuheshimu, yako naiweka 6.000. Ila saruji imepanda, yangu sasa ni 12.000." Unaenda nyumbani unafurahi, kumbe jana ulikuwa unaongeza 6.000 na leo vilevile 6.000! Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi, na kila mwaka wanafunzi wanagawanyika. Wazee wetu waliuliza swali moja tu: "Mwishoni, natoa ngapi mkononi?" Mengine ni maua.

Mjenzi ana silaha nyingine: "Nyumba yako ni ya potopoto, mimi nitaibomoa." Jibu la mzee ni: "Bomoa, mwanangu, lakini barabara hutaibomoa." Maana yake, mahali pana bei yake peke yake: karibu na soko, bomba la REGIDESO, waya wa SNEL. Naye mzee anapapasa ukuta wa nyumba mpya. Je, matofali ni ya kuchoma, ama ni mabichi yaliyopakwa saruji?

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, hautoki kwa bei. Unatoka kwa kuhama: nani anatoka kwanza? Aliyetoa lupango yake kabla nyumba mpya haijaezekwa anaweza kupanga chumba mwaka mzima. Kwa hiyo wenye akili hushikilia sehemu ya nyongeza mpaka cheti cha kuandikishwa kitoke kwa konservateri, kwani karatasi ya shefu wa kartye haitoshi mbele ya sheria. Tena Kanuni ya Familia, ya 1987, inataka bibi na bwana wakubaliane wote wawili. Na kama lupango ni ya marehemu baba, watoto wote ni warithi. Mmoja aliyeko Kinshasa asipoulizwa, atarudi siku moja na avoka.

Ndiyo maana siku ya kuhesabu pesa mama wa nyumba anakaa pale, na noko anaitwa kama shahidi. Noti zinahesabiwa mara mbili kwa sauti. Likibaki neno, ni la miti: mwenye lupango ya zamani anaomba avune safu za msimu huu, na mara nyingi hilo linakubaliwa bila kuongeza kitu.