Simbi za Pwani na Wiki Moja ya Luna

Mganda akitaja pesa husema ensimbi. Kwa asili neno hilo ni simbi, zile kauri ndogo za baharini. Ninaandika habari za uchumi, na kila soko la sarafu za kidijitali linapoporomoka, simbi hunieleza zaidi kuliko michoro ya bei.

Afrika Magharibi zilikuwa pesa kwa karne nyingi, nyingi zikitoka Maldives. Umbali ndio ulizipa thamani: huwezi kuamka asubuhi ukaziokota Kano. Ila miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba pwani yetu, upande wa Zanzibar, kuna simbi za aina nyingine, kubwa kidogo, za kuokotwa tu maji yakitoka. Bei yake ilikuwa ya bure kabisa. Wakapakia majahazi? Wapi! Walijaza meli nzima, wakazipeleka Lagos na Ouidah, wakarudi na mafuta ya mawese.

Meli ya kwanza haikumuumiza mtu. Tatizo ni kwamba faida ya meli moja iliita nyingine, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuacha. Simbi zikashuka thamani hadi gharama ya kuzibebesha wapagazi ikawa kero kuliko manufaa. Mwenye meli alishapata mawese yake. Aliyeweka akiba ya simbi nyumbani akabaki nazo.

Sasa njoo Mei 2022. Kulikuwa na sarafu mbili ndugu, UST na Luna. UST iliahidiwa kuwa dola 1 daima, lakini nyuma yake hapakuwa na dola ya kila sarafu. Palikuwa na programu. Ukiichoka UST yako, programu inaichukua na kukutengenezea Luna za dola 1. Luna ikiwa dola 80, unapewa kipande tu. Ikiwa senti 10, unatengenezewa 10. Umeona hatari ilipojificha? Kadiri bei inavyoanguka, ndivyo programu inavyomwaga nyingi zaidi, na kumwaga huko kunaishusha tena.

Watu walivutwa na Anchor, huduma iliyolipa karibu asilimia 20 kwa mwaka kwa mwenye kuweka UST. Mimi riba ya namna hiyo huniogopesha, lakini siwacheki walioingia. Wengi walidhani wameweka dola, si kwamba wanacheza kamari.

Kuanzia tarehe 7 Mei UST ikateleza chini ya dola. Mfuko wa kuilinda ulikuwa na Bitcoin zipatazo 80,000, ukazitumia karibu zote, na Bitcoin yenyewe ikashuka chini ya dola 30,000. Haikusaidia kitu. Luna zilizokuwa milioni 350 hivi zikafika trilioni 6.5. Kilichowachukua wafanyabiashara wa Hamburg miongo, programu ilikimaliza ndani ya wiki: tarehe 13 Luna moja haikufika hata senti. Thamani ya dola bilioni 40 hivi ikayeyuka, na waliowahi kutoka ndio waliookoa chao.

Kabla mwezi haujaisha ikazinduliwa Luna mpya. Ile ya zamani haikufutwa. Ilipewa jina la Luna Classic, na wapo waliendelea kuinunua.