Kutoka Kauri hadi Sente: Historia ya Majina ya Pesa

Mwanafunzi wa Jinja au Mbale akiandika "nilipata senti nyingi", msahihishaji hudhani ni sehemu za mia za shilingi. Kumbe amekusudia pesa. Je, tumkate alama? Kabla ya kushika kalamu nyekundu, tuitazame historia.

Zamani kauri zilitumika kama fedha huku Uganda. Kauri ni ensimbi kwa Kiganda, na hadi leo fedha huitwa kwa jina hilo hilo. Baadaye ikaja rupia ya Wahindi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, kilimo cha pamba kikaanza mwaka 1903, na mwaka 1912 reli ya Jinja hadi Namasagali ikafunguliwa. Mkulima akauza pamba, akapokea rupia.

Hapo sarufi nayo ikafanya kazi yake. Rupia iliingia kama lupiiya, na silabi ya kwanza ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama katika olugoye (nguo), ambalo wingi wake ni engoye. Basi wingi wa lupiiya ukawa empiiya, neno ambalo Wasoga bado hulitumia kwa maana ya pesa. Kiswahili hakikufuata njia hiyo: rupia moja, rupia kumi. Hata "pesa" yetu ni jamaa wa rupia, kwani imetokana na paisa, ambazo 64 zilifanya rupia moja. Nayo "hela" ilitokana na sarafu ya Wajerumani iliyoanza Tanganyika mwaka 1904.

Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 100. Kwa Waganda na majirani zao, senti ikawa sente, yaani pesa kwa jumla. Baada ya mageuzi ya sarafu ya mwaka 1987 senti zilitoweka sokoni, lakini jina halikutoweka.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu amerithi historia, hakubuni kosa. Tumweleze kwamba katika Kiswahili sanifu senti ni sehemu ya mia, ingawa "sina hata senti" hukubalika kwa mkazo. Pesa ni ya mazungumzo ya kila siku, na fedha hufaa zaidi katika maandishi rasmi. Akijua sababu, hatarudia. Tukimkata alama bila maelezo, atajifunza kuiogopa lugha tu.