Umeambiwa ulete keki ya shosh na huna oveni? Form ni hii

Kila familia iko na ile grupu ya WhatsApp inalala mwaka mzima, halafu siku moja inaamka na mipango. Shosh anafikisha miaka 80, bash ni Jumamosi ushago, anko ameshika mbuzi, anti ameshika mchele, na mtu anauliza keki iko na nani. Kabla ujifanye hujaona, siz yako ashakutaja. Keki ni wewe.

Sai uko keja ya chumba kimoja, oveni unaionanga tu kwa video, na wasee 40 wanakungoja. Kununua inawezekana, lakini keki mbili za kilo moja zikiwa na mapambo zitamaliza hadi doh ya fare, na bado lazima zipande matatu masaa tano. Tulia. Keki ya shosh inaiva vizuri sana kwa sufuria. Kile huangusha watu ni kupima na macho, moto mwingi, na kupamba mapema. Hiyo ya mwisho ndio ilinimaliza mimi, nitafika hapo.

Anza kwa duka, si kwa jikoni

Ile keki ya kawaida ya siagi ni hesabu ya mtoi wa darasa la nne. Unga gramu 250, sukari gramu 250, majarini ama siagi gramu 250, na mayai matano, ambayo bila maganda ni kama gramu 250 pia. Jumlisha. Umepata kilo moja ya mchanganyiko. Ikishaiva inapoteza maji kidogo, halafu aisingi inarudisha uzito na kuongeza juu.

Hauna mizani? Muuza duka anayo. Mwambie akupimie robo ya sukari na robo ya unga kila moja kwa mfuko wake, kisha nunua ile majarini ya gramu 250. Umemaliza kupima kabla ufike keja. Vikombe vya chai ni uongo mtupu, kila nyumba iko na saizi yake.

Cheki pakiti ya unga. Ikiwa imeandikwa self-raising, baking poda imeshawekwa ndani, usiongeze. Ikiwa ni unga wa kawaida wa chapo, weka baking poda mwenyewe. Na kama ile kopo imekaa kabati tangu Krismasi ya juzi, ijaribu kwanza: mwaga kijiko kidogo kwa maji moto. Isipochemka mapovu, hiyo imekufa, tupa.

Hapa kuna kitu video za majuu hazikuambii. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Eldoret iko juu ya mita 2,000. Huku juu hewa inasukuma kidogo, hata maji yanachemka kwa kama digrii 94 badala ya 100. Kwa keki maana yake ni kwamba ule upepo wa baking poda unapanuka haraka, keki inainuka kama ina hasira, halafu inaanguka katikati kabla unga ushikane. Sasa kama resipe ya nje inasema vijiko viwili vidogo vya baking poda kwa huo unga, wewe weka kimoja na nusu. Punguza sukari kijiko kimoja kikubwa, ongeza maziwa vijiko viwili. Kama bash yenu ni Mombasa na unapikia huko huko, fuata resipe vile ilivyo.

Kuchanganya

Majarini ikuwe laini, si ya kuyeyuka. Ipige na sukari kwa mwiko hadi rangi iwe nyeupe-nyeupe na ukisugua kwa vidole usikie sukari kidogo tu. Kwa mkono ni dakika 15 za kuumia bega. Usikate hiyo kazi, hapo ndipo hewa inaingia, na hewa ndiyo inafanya keki iwe nyepesi. Weka yai moja moja, ukipiga kila mara. Mchanganyiko ukianza kukatika kama maziwa yaliyoharibika, tia kijiko cha unga uendelee, hakuna noma. Vanila kidogo, ama maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Watu wa Pwani wataweka iliki kama kwa mkate wa mayai, na kusema ukweli wako sawa.

Unga ukiingia, acha nguvu. Chekecha, geuza polepole na mwiko hadi usione unga mkavu, basi. Unga wa ngano ukikorogwa sana unavutika. Kwa chapo tunataka hivyo, kwa keki utatafuna hadi taya iombe likizo.

Sufuria ndani ya sufuria

Tafuta sufuria kubwa nzito, ile ya zamani, juu itakaa kwa moto bila maji na inaweza kupinda. Mwaga ndani chumvi ama mchanga mkavu uliooshwa, kimo cha vidole viwili. Juu yake weka kitu cha kuinua, kama kifuniko kidogo cha chuma. Funika, washa moto mdogo, ngoja dakika kumi ipate joto.

Mchanganyiko unaingia kwa sufuria ndogo uliyopaka majarini na kutandika karatasi chini, usizidi nusu na kidogo. Hiyo ndogo inakaa ndani ya kubwa bila kugusa pande. Kwa gesi, funga kifuniko na kitambaa safi, ncha zikifungwa juu mbali na moto, ndio mvuke usidondoke kwa keki. Halafu hakikisha mtungi wako wa kilo sita hauko dakika za majeruhi. Gesi ikiisha katikati, hiyo keki hairudi.

Kwa makaa, kitambaa hapana kabisa. Weka makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, vile watu wa Pwani hupalia. Na hapa nisikilize vizuri: jiko la makaa halipikiwi ndani ya keja imefungwa. Ile hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, unasikia tu kichwa na usingizi, na watu hawaamki. Jiko likae nje, kwa baraza, hata kama mvua itakusumbua.

Sasa weka simu dakika 35 na uende mbali. Usifunue. Najua unataka kuona, kila mtu anataka. Ukifunua mapema hewa baridi inaingia na katikati inashuka kama shimo la barabara. Baada ya hapo dunga kijiti katikati. Kikitoka na uji, rudisha dakika kumi. Kikitoka safi na keki imeachana na pande, toa. Kwa kawaida ni dakika 45 hadi saa moja.

Wasee 40 wanataka keki mbili. Usichanganye zote pamoja, ya pili itakaa ikingoja na baking poda ifanye kazi bure kwa bakuli. Changanya ya pili ya kwanza ikitoka.

Pamba ukifika

Miaka mitatu iliyopita nilibebea mathe keki ya birthday. Nilikuwa nimeipamba keja usiku kucha, maua ya rangi, jina lote. Nilikalia kiti cha dirisha, jua la saa saba, kiboksi mapajani. Kufika Nakuru maua yalikuwa yameshuka pande zote na jina la mathe limebaki herufi mbili. Alicheka, akaila, lakini picha ziko na kuzo zangu huzituma kila mwaka.

Kwa hivyo form ni hii. Pika Alhamisi ama Ijumaa. Keki ya siagi siku ya pili inakatika vizuri hata kuliko ya moto. Ikipoa kabisa, masaa mawili ama matatu, ifunge kwa foili na uibebe tupu. Aisingi ibebe kwa kopo yake. Utapamba ukifika, saa moja kabla ya kukata, mahali pa kivuli.

Aisingi ya siagi ni gramu 250 za siagi na gramu 500 za sukari laini ya aisingi, inatosha hizo mbili. Piga siagi peke yake hadi iwe nyeupe, ongeza sukari kidogo kidogo, malizia na kijiko cha maziwa. Majarini ya mkate inafanya kazi pia, lakini iko na chumvi, ni ya njano, na inalegea haraka kwa jua, so kama doh inaruhusu nunua siagi isiyo na chumvi hapa tu. Ile krimu ya kupuliza ya black forest isahau. Bila friji njiani itakuwa maji.

Paka safu nyembamba kwanza, hata kama inaonekana mbaya. Kazi yake ni kushika makombo. Ngoja dakika 20, kisha paka ya pili na kisu kilichochovywa maji moto na kupanguswa. Pande zikikataa kunyooka, sukumia njugu karanga zilizopondwa kuzunguka, watadhani ni staili. Lakini uliza kwanza kama kuna mtoi asiyekula njugu.

Mfuko wa kuandikia si lazima ununue. Karatasi za kubebea vitu zilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini pakiti ya maziwa bado iko kila keja. Ioshe na sabuni, ikauke, jaza aisingi kidogo, kata kona ndogo sana. Zoezi fanya kwa sahani, unakwangua na kurudisha. Usiandike salamu ndefu za Kizungu, nafasi itaisha katikati na herufi za mwisho zitapanda ukuta. "Shosh 80" inatosha, na yeye mwenyewe ataisoma bila miwani. Rangi ya pinki unaipata kwa matone ya maji ya bitiruti. Maua ya waridi ya dukani usiyadunge kwa keki, hayo hupuliziwa dawa shambani.

Siku yenyewe

Keki isafiri mapajani, si kwa buti, si kwa kerea. Ikifika, meza yake ikae mbali na mahali vijana wanapanga ndoo, juu unajua birthday ya Kenya bila mtu kumwagiwa maji haijaisha. Shosh mwenyewe mtamuonea huruma, lakini anko hatapona.

Kukata usikate pembetatu, utalisha watu kumi na keki iishe. Keki ya upana wa sentimita 20, kata vipande virefu vya sentimita tano, kisha vikate tena kila sentimita mbili na nusu. Unapata kama 25 kwa kila moja, na mbili zinafikia wote na majirani wawili watatu waliosikia muziki. Kipande cha kwanza shosh ndiye analishwa, na mtoto wake mkubwa, si wewe mpishi. Wewe toa pande za pembeni uzifunge kwa foili mapema, ufiche. Hizo ni zako za kurudi nazo Nairobi Jumapili.