Tafsiri ya Lugha za Kubuni katika Filamu za Njozi

Tafsiri ya lugha za kubuni katika filamu ni kazi ya kuwapa watazamaji maana ya maneno yanayosemwa na wahusika katika lugha isiyo na wazawa popote duniani, iliyotungwa kwa ajili ya hadithi. Hufanywa kwa manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, kwa kuingiza sauti nyingine, au kwa mhusika mmoja kumfasiria mwenzake ndani ya hadithi yenyewe. Kwa haraka haraka kazi hii inafanana na tafsiri nyingine yoyote: kuna matini chanzi, kuna matini lengwa, na kati yake yupo mfasiri anayetarajiwa kuwa mwaminifu. Mfanano huo unadanganya. Katika filamu nyingi za aina hii tafsiri ndiyo iliyotangulia, na kinachoitwa lugha ya asili kikaja nyuma yake. Kwa hiyo mfasiri anayeipeleka filamu hiyo kwenye Kiswahili ana kidogo sana cha kulinda katika maneno yenyewe ya lugha ya kubuni, kama Kielfi cha Tolkien au Kina'vi cha filamu ya Avatar. Cha kulinda ni uamuzi wa watunzi kuhusu nani ajue nini, na ajue lini.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka katika Star Trek II ya mwaka 1982, filamu ya bunilizi ya kisayansi ambayo mbinu zake zilienea hadi kwenye njozi. Wahusika wake Spock na Saavik walipigwa picha wakizungumza Kiingereza. Baadaye mwanaisimu Marc Okrand aliombwa atunge maneno ya Kivulkani yanayolingana na mwendo wa midomo yao, na maana ikabaki kwenye manukuu. Miaka miwili baadaye Okrand alitunga Kiklingoni kwa ajili ya Star Trek III, lugha yenye sarufi kamili ambayo hutanguliza shamirisho na kumalizia na kiima, na mwaka 1985 ikatolewa kamusi yake. Hata hapo, manukuu kadhaa yalibadilishwa baada ya picha kupigwa, naye akalazimika kuyapa maana mpya maneno ambayo waigizaji walikwisha kuyatamka. Ni nadra kukuta matini chanzi ikirekebishwa ili ikubaliane na tafsiri yake. Return of the Jedi ya 1983, filamu ya mfululizo wa Star Wars, ilikwenda mbali zaidi: shujaa Leia, akiwa amejificha ndani ya vazi la mwindaji Boushh, anarudia sauti chache zilezile mbele ya jambazi Jabba, na roboti C-3PO anazifasiri kila mara kwa maana tofauti. Pale lugha haipo kabisa. Ipo tafsiri tu.

Pingamizi la kwanza ni Tolkien, na ni pingamizi zito. John Ronald Reuel Tolkien (1892–1973) alikuwa mtaalamu wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, na alianza kutunga lugha zake kabla ya hadithi. Quenya ilichota ladha yake katika Kifini na Sindarin katika Kiwelisi, na mwenyewe alisisitiza kwamba visa vilitungwa ili lugha zipate ulimwengu wa kuishi. Kwa Tolkien, basi, asili ilitangulia kweli. Lakini filamu si kitabu. Peter Jackson alipotengeneza filamu zake tatu za The Lord of the Rings (2001–2003), mazungumzo mengi ya Kielfi yaliyohitajika hayakuwamo katika maandishi ya Tolkien. Waandishi waliandika kwa Kiingereza, na mwanaisimu David Salo akayaweka katika Sindarin au Quenya, akikisia maumbo pale ambapo msamiati ulipunguka. Kwa Khuzdul, lugha ya Vibete, na Lugha Nyeusi ya Mordor, mabaki yalikuwa machache mno hivi kwamba ilibidi aunde sehemu kubwa upya. Hata Kina'vi cha Avatar (2009), alichokitunga Paul Frommer kwa uangalifu mkubwa kwa ombi la James Cameron, kilifuata mkondo huo. Kuwa na sarufi hakubadilishi mpangilio wa kazi. Kunaifanya sentensi iweze kukaguliwa, na hilo ni jambo la heshima, ila maana yake inabaki ileile iliyokuwamo katika mswada.

Tolkien huyohuyo, kwa kweli, anaiunga mkono hoja hii kwa njia nyingine. Baada ya kukerwa na tafsiri za Kiholanzi na Kiswidi za kitabu chake cha The Lord of the Rings, aliwaandikia wafasiri mwongozo wa majina, uliochapishwa mwaka 1975 baada ya kifo chake. Aliwataka wayatafsiri majina yenye sura ya Kiingereza, kwa sababu katika hadithi yanawakilisha lugha ya kawaida ya wahusika, na wayaache ya Kielfi yalivyo. Alichokuwa akikilinda ni umbali: kipi kiwe karibu na sikio la msomaji, na kipi kibaki kigeni.

Filamu zina chombo kikali zaidi cha kupima umbali huo, nacho ni kuweka manukuu au kutoyaweka. Katika filamu ya kwanza ya Jackson, wapenzi Arwen na Aragorn wanapozungumza Kielfi juu ya daraja huko Rivendell, manukuu yanatuingiza katika siri yao. Mchawi Saruman anapoimba uganga wake dhidi ya msafara ulio juu ya mlima Caradhras, na mchawi mwenzake Gandalf akamjibu, manukuu hayapo. Gandalf anamtaja adui kwa jina na mengine tunayapata kwa theluji inayoporomoka. Mfano ulio bora kuliko yote uko katika filamu nyingine ya Jackson, The Battle of the Five Armies (2014). Kibete Kili anamwambia Tauriel, binti wa Kielfi, neno moja la Khuzdul. Tauriel anasema hajui maana yake, naye Kili anamjibu kwamba anadhani anaijua. Neno hilo lina maana ya mpenzi wangu, na filamu haituambii. Mfasiri wa Kiswahili akiandika chini ya picha “mpenzi wangu”, atakuwa amefasiri sawasawa na kuua majibizano yanayofuata, maana mtazamaji atamwona Tauriel kama mtu mzito wa kuelewa badala ya mtu anayekwepa. Avatar: The Way of Water (2022) inaonyesha upande wa pili: Jake, mhusika mkuu aliyezaliwa binadamu, anaeleza kwamba amekizoea Kina'vi hadi anakisikia kama Kiingereza, na tangu hapo familia yake inazungumza Kiingereza kwenye filamu. Katika tafsiri ya Kiswahili, mazungumzo hayo yanapaswa kuwa Kiswahili laini cha nyumbani, kisicho na dalili yoyote ya ugeni.

Pingamizi la pili linatoka katika vibanda umiza vya Tanzania na kumbi za video za Kenya na Uganda. Huko filamu hupitia kwa msimulizi kama Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya au VJ Jingo wa Uganda, ambaye husema juu ya sauti ya filamu, hueleza, hutania na kuongeza yake. Msimulizi akinyamaza, ukumbi unalalamika. Mteja amelipa ili aelewe. Je, mtu huyo aambiwe aache kipande kizima bila maneno kwa sababu mwongozaji wa mbali hakuweka manukuu? Pingamizi hili lina haki yake, lakini linachanganya mambo mawili. Msimulizi hodari hahitaji kunyamaza ili atunze siri. Anaweza kusema kwamba hapo bwana katupa neno la kwao, na binti anajifanya hasikii, na ukumbi utacheka bila kupewa maana. Huko ni kuutunza uamuzi wa filamu kwa zana za usimulizi, na pengine ni tafsiri bora kuliko manukuu ya mtaalamu aliyefungua kamusi ya mashabiki na kuandika kila kitu.

Ipo hali moja ambamo uamuzi huo unaponyoka mikononi mwa watunzi. Ben Burtt, mtengeneza sauti wa Star Wars, mara nyingi alitafuta lugha halisi ambazo alidhani watazamaji wake hawatazitambua: sauti za Wajawa zilitokana na Kizulu kilichoongezwa kasi, na za Waewoki zikatokana na Kikalmiki. Katika Return of the Jedi, sauti ya Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando Calrissian, ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, naye alisema kwa Kikuyu na Kikalenjini sentensi zenye maana. Filamu haikuzitolea manukuu. Majibu ya Lando ndiyo yanayobeba mazungumzo. Mfasiri wa Kiswahili aifuate filamu, aziache sentensi hizo bila maandishi. Lakini mtazamaji wa Nyeri anayesema Kikuyu anamwelewa rubani huyo moja kwa moja anapotumia lugha hiyo, kabla Lando hajafungua kinywa, na hakuna manukuu yanayoweza kumnyima hilo.