Divai ya Mseto

"Divai kavu." Maneno haya hukutana nayo mara kwa mara kwenye tafsiri, na kila mara hunikera. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Kula ugali mkavu ni kula bila mboga. Samaki mkavu, huku kwetu Likasi, Katanga, ni wa jua au wa moshi. Msomaji atajuaje kwamba divai hiyo ni ile ambayo sukari ya zabibu imekwisha kugeuka kilevi? Atadhani ni ya kunywa bila chakula, na divai ninayotaka kuisema hapa haina maana pasipo chakula. Tuiite divai isiyo tamu, basi.

Ni nyeupe, ya Ugiriki, na huko Epanomi, karibu na Thessaloniki, huitengeneza kwa zabibu za aina mbili. Assyrtiko asili yake ni kisiwa cha Santorini, udongo wa volkano, mahali ambapo upepo ni mkali hata matawi ya mzabibu husokotwa duara karibu na ardhi ili mashada yajifiche ndani. Malagousia ilibaki kidogo tu ipotee kabisa. Miaka ya 1970 Vassilis Logothetis na Evangelos Gerovassiliou ndio walioirudisha shambani. Ya kwanza hutoa ukali na uti wa mgongo, ya pili hutoa harufu: pichi, ganda la ndimu, kidogo mrehani.

Hapo ndipo wengi huandika "divai ya mchanganyiko". Mimi silipendi neno hilo kwenye chupa. Pombe iliyochanganywa, masikioni mwetu, ni ile ambayo muuzaji ameongeza maji. Kiswahili kina mseto, na mseto ni neno lenye heshima: wali na choroko kwenye chungu kimoja, kilimo mseto, serikali ya mseto. Waliomo ndani yake hawafichwi. Kila mmoja anajulikana na ana kazi yake. Divai ya mseto, naomba iandikwe hivyo.

Linalonishughulisha zaidi ni ule ukali wa Assyrtiko. Kuuita uchachu ni kuudhulumu, maana kilichochacha hutupwa, na hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi ambacho uzuri wake ni kuchachuka, kikizidisha siku hakuna anayekinywa. Lakini lipo neno ugwadu, la ndimu, la ukwaju, la embe bichi: ukali ambao tunda limezaliwa nao, haukuletwa na kuharibika. Ndio huo huo. Mate hujaa mdomoni, na mafuta ya kwenye ulimi hukatika.

Kwa hiyo chakula chake kiko karibu nasi. Pale Koni, mto Lufira unapofika kwenye mitambo ya umeme baada ya kutoka Mwadingusha, kituo kilichoanza kazi 1930, samaki hawako mbali: tilapia na kambale wa ziwa Tshangalele, ziwa lililoletwa na bwawa la Mwadingusha. Tilapia akaangwe mzima, ngozi iwe kavu (hapa neno liko mahali pake), aletwe na bukari (ndio ugali wetu), nyanya, kitunguu na pilipili kidogo. Pilipili ikizidi, harufu ya Malagousia haisikiki tena. Kambale ana mafuta zaidi, na ugwadu humfaa kuliko ndimu iliyokamuliwa juu yake. Sombe, yaani kisamvu, yenye mawese mengi naona huishinda divai hii. Lengalenga zilizopikwa kwa chumvi na nyanya huelewana nayo vizuri.

Wala Mgiriki na samaki wa Katanga hawakujuana jana. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka vituo vyao Kasenga, kwenye mto Luapula, wakanunua samaki, wakawalaza kwenye barafu na kuwapeleka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Nissim Soriano, Myahudi wa Kigiriki kutoka Rhodes na baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi, naye aliishi kwa biashara ya samaki, upande wa ziwa Mweru.

Divai nyekundu iwekwe kando kwa nyama ya mbuzi. Ina ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokaza ufizi, na nyingine zikikutana na samaki huacha mdomoni ladha ya chuma. Neno hilo, ukakasi, halihitaji hata kutafutiwa mwenzake: watoto wetu hulijua kabla hawajaijua divai.