Mlima Mmoja, Magonjwa Mawili: Utingo wa Kasulu Ambao Majina Yao Hayakuandikwa

Wadau, chukua picha yoyote ya zamani ya lori la bara. Dereva utamwona, mkono uko dirishani, pozi kama lote. Mwenye lori naye yupo. Halafu kule nyuma kwenye bodi kuna kijana kashika kipande cha gogo. Huyo jina lake hakuna aliyeliandika. Ni utingo. Na lile gogo, yaani kigingi, ndo lilikuwa breki ya mwisho ya watu wote waliopanda.

Leo twende Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, kule juu Kigoma. Wengi mnapajua kwa misheni na hospitali yake. Mimi nataka tuangalie mlima. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari, na nyanda za Kasulu ziko zaidi ya mita 1,200. Kila kilichokwenda stesheni ya Kigoma kilishuka mlima huo, na kila kilichorudi kiliupanda.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Baadaye Buha ikageuzwa shamba la kuvuna vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakawa wanapelekwa kwenye reli, safari ya kuelekea mashamba ya Tanga na Morogoro. Ndo hao manamba. Babu yako anaweza kuwa mmoja wao. Hata kambi za wakimbizi zilipofunguliwa miaka ya 1990, Nyarugusu ikiwemo mwaka 1996, chakula kilipanda milima hiyohiyo kwa malori.

Sasa basi, mlima una magonjwa mawili. Ukipanda, injini inachemsha. Ukishuka, breki zinachemsha. Ndiyo, breki nazo huchemka, na hapo ndipo watu wanapofia.

Tuanze na kupanda. Shuleni tulikariri kwamba maji huchemka nyuzi 100. Hiyo ni pwani, mtu wangu. Kwenye mita 1,200 yanachemka kama nyuzi 96, na injini yenyewe ikiwa na afya inatembea karibu na 90. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta: kinabana presha ndani, maji yanavumilia joto kubwa zaidi bila kuchemka. Mpira wake ukichoka, gari lililokuwa poa Dar litachemsha Kasulu, na wewe utaanza kumlaumu aliyekuuzia. Kifuniko tu!

Utingo hakuwa na mashine ya kupima. Alikuwa na mkono, pua na sikio, na aliuliza maswali kwa mpangilio. Maji yamepungua? Yanavujia wapi? Mkanda wa feni umelegea? Gari linachemsha likisimama lakini likikimbia linapoa? Hiyo ni feni. Linachemsha mlimani tu, tambarare halina shida? Shuku rejeta iliyoziba. Mpira wa juu wa rejeta unaunguza na wa chini ni wa baridi? Maji hayazunguki: thamostati imekwama au rejeta imeziba. Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yanatoka kwenye rejeta bila kukoma? Hapo gasketi ya silinda hedi imekwenda, usiwashe tena.

Kitu kimoja hawakukifanya wenye akili: kufungua rejeta ya moto. Walizima, wakakaa kivulini, wakasubiri. Aliyekuwa na haraka alibaki na kovu usoni.

Sasa kushuka. Magari mengi ya enzi hizo, Land Rover za kwanza zikiwemo, yalikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka popote, huna kitu. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yawe na njia mbili kuanzia mwaka 1968, lakini magari ya zamani yaliendelea kupiga kazi kwetu miaka na miaka. Ndo maana utingo alikaa na kigingi mkononi: lori likikataa kusimama au likianza kurudi nyuma, anaruka na kulisukumia chini ya gurudumu. Wengine hawakuwahi kurudi kwenye bodi.

Adui mwingine haonekani. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanavumilia nyuzi 205 kabla ya kuchemka, yakishashiba maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Shuka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote, magurudumu yanakuwa jiko, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Pedali inazama hadi chini. Kesho yake breki ikishapoa inakamata vizuri, fundi anakwambia, "Mbona nzima hii?"

Kwa hiyo sikiliza pedali. Ikiwa laini kama sponji na ukiipampu inapanda, kuna upepo au mvuke ndani. Ukiikanyaga gari limesimama ikazama polepole, angalia chupa ya mafuta: yamepungua, tafuta unyevu kwenye magurudumu na paipu. Hayajapungua? Masta silinda inapitisha kwa ndani. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, shuku busta. Harufu ya kuungua na moshi kwenye gurudumu ni kwamba breki zimezidiwa na joto: simama, ziache zipoe, usimwagie maji.

Wale madereva walikuwa na sheria moja: gia uliyopandia ndiyo unashukia. Injini inakushikilia, breki zinapumzika. Wewe wa gari la otomatiki, zile alama za "2" na "L" hazikuwekwa kwa urembo. Na anayetia nyutro mlimani ili abane mafuta, tuseme ukweli, anaokoa buku mbili na kuweka rehani familia yake.

Lakini tusiwafanye malaika. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na miaka ya mwanzo ya 1980 spea zilikuwa dhahabu. Hapo mafundi walijifunza kung'oa thamostati na kuitupa, kujaza maji ya bombani, kubana paipu ya gurudumu linalovuja ili gari lishuke na breki tatu. Ilikuwa dharura. Tatizo ni kwamba dharura imegeuka ufundi. Hadi leo, spea zimejaa madukani, fundi anang'oa thamostati ya gari lako na wewe unamshukuru. Maji matupu yanaleta kutu, kutu inaziba rejeta, na mlima mmoja mbele unarudi kulekule. Tumerithi njia zao za mkato, tukaacha subira yao.

Siku hizi lami inapanda Buha, kwenye mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kama kilomita 260. Safi sana. Ila lami haijashusha mlima hata mita moja. Imeongeza spidi tu, na IST yako ya mtumba haina utingo nyuma.

Kabla hujasafiri mwaka huu, fungua boneti injini ikiwa ya baridi, shika kile kifuniko cha rejeta, angalia mpira wake. Uliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Halafu ukifika kwenu, mtafute mzee aliyewahi kuwa utingo, kaa naye kibarazani, muulize jina lake kamili. Uliandike.