Deni la Mwenye Kuhitimu

Mwezi wa tatu mwaka huu nilialikwa kuomba dua katika mahafali ya kidato cha sita, katika shule moja ya serikali isiyo mbali na kwetu. Kama ujuavyo, mahafali yetu hufanyika kabla ya mtihani. Vijana huagana kwanza, kisha mwezi wa tano ndio hukaa kuulizwa walichojifunza. Basi walikuwa katika ile hali ya mtu aliyekwisha funga mizigo lakini bado hajaondoka.

Kijana mmoja alisimama kusoma risala kwa niaba ya wenzake. Alikumbusha siku waliyofika na masanduku yao ya bati, kengele ya saa kumi na moja alfajiri, foleni ya maji, uji usio na sukari, maharage ya kila siku, na taa zilizokuwa zikizimika wakati wa kujisomea usiku. Ukumbi ukacheka. Alipowataja wenzao wawili walioacha masomo njiani, ukumbi ukanyamaza. Ilikuwa risala nzuri. Lakini mwisho wake alisema hivi: "Tumefika hapa kwa jasho letu wenyewe." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, neno lile likanikaa kifuani. Sikuwa na ubaya nalo, kwani kweli vijana wale walitoka jasho. Lakini je, ni lao peke yao? Siku ya furaha si siku ya kuwakatiza watoto, ndiyo maana sikusema kitu pale. Leo nina kalamu mkononi, na yafaa tuitazame khabari hii kwa taratibu, tukianzia mbali kidogo.

WATU 176

Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa na watoto 490,000 katika shule za msingi, na wengi wao waliishia darasa la nne. Shule za sekondari zote kwa pamoja zilikuwa na wanafunzi 11,832. Na kidato cha sita, ndugu msomaji, kilikuwa na wanafunzi 176 tu.

Nakuomba usiipite hesabu hii mbio. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 9. Maana yake ni kwamba, kwa kila watu zaidi ya elfu hamsini, mmoja tu ndiye aliyekuwa amekaa katika darasa lile. Chukua tarafa nzima, na jirani yake, na jirani ya jirani yake, uwakusanye wote uwanjani, wazee kwa watoto, kisha umwite mmoja asimame mbele. Huyo ndiye mwanafunzi wa kidato cha sita wa mwaka 1961.

Nani hakuwamo katika wale 176? Wasichana walikuwa wachache mno. Watoto wa wilaya za mbali zisizo na shule za kati hawakuwamo, maana njia ilikatika darasa la nne. Na watoto wa Kiislamu nao walikuwa wachache. Shule ya serikali ya Tanga ilikuwa imeanzishwa na Wajerumani tangu mwaka 1892, ikifundisha kwa Kiswahili na bila ya kumlazimisha mtoto dini, na Waislamu wa pwani wakaingia kwa wingi, wakatoka makarani na maakida. Lakini zama za Mwingereza sehemu kubwa ya shule za sekondari zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wetu wengi waliogopa kumpeleka mtoto asije akarudi na jina jingine. Hofu yao ilikuwa na sababu, na hasara yake pia ilikuwa kubwa. Nayasema haya yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

NANI ALIYELIPA?

Basi tuulize: nani aliyewalisha wale 176, akawanunulia vitabu, akawalipa walimu wao?

Nchi haikuwa na viwanda vya kutajika. Fedha zake zilitoka katika mkonge, pamba na kahawa. Maana yake zilitoka kwa mkata mkonge wa Tanga na Morogoro, kwa mkulima wa pamba wa Usukuma, na kwa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Bukoba. Mkata mkonge yule hakujua kuandika jina lake. Mwanawe pengine aliishia darasa la nne, pengine hakuingia kabisa. Lakini kodi aliyoilipa ndiyo iliyonunua chaki. Mwaka 1964 serikali ilipoondoa karo katika shule za sekondari, mzigo haukutoweka. Ulihamishwa tu kutoka kwa mzazi mmoja ukawekwa juu ya mabega ya watu wote, na wengi wa hao hawakuwa na mtoto hata mmoja katika shule hizo.

Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili kwa mfano ambao wazee wengi bado wanaukumbuka. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Mtu huyo akila, akashiba, kisha asirudi, basi hakuna jina jingine la kumpa ila msaliti.

MWAKA 1966

Mfano huu haukubaki maneno matupu. Ulijaribiwa, nao waliojaribiwa ni hao hao waliohitimu.

Mwaka 1966 serikali ilitoa mpango kwamba wanaomaliza kidato cha sita na vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Miezi ya mwanzo wangekaa makambini, na miezi 18 iliyobaki wangefanya kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Vijana wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliona wameonewa. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Tarehe 22 Oktoba 1966 vijana wakaandamana na mabango hadi Ikulu. Hoja yao ilikuwa kwamba wakubwa wanapokea mishahara minono, kwa nini wao ndio wakatwe?

Rais aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya mambo mawili. La kwanza, aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400. La pili, ambalo watu husahau kulitaja, alikubali kuwa hoja yao ya mishahara ina ukweli, akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na humo ndimo zilimochapishwa hesabu zile za mwaka 1961 nilizozitaja juu.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba vijana wale walikuwa waovu. Wengi walirudishwa chuoni mwaka 1967, wakaja kuitumikia nchi kwa heshima. Nasema tu kwamba walipotazama nyuma waliiona miaka yao ya shule kama mali waliyoichuma wenyewe, kwa hiyo kukatwa mshahara wakakuona ni kunyang'anywa. Lau wangeiona ni deni, wangekuona ni kulipa. Tofauti yote imo katika namna mtu anavyotazama nyuma.

WASIOKUWAMO KATIKA PICHA

Sasa niruhusu nikueleze khabari ya nyumbani kwetu, maana mwenye kuwanasihi wengine hana budi aanze na nafsi yake.

Nina dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Alimaliza darasa la saba katikati ya miaka ya 1970. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache mno, na wengi waliofaulu waliachwa. Wakati huo Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeamua kwamba watoto wote wa nchi waingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana wa darasa la saba, makumi ya maelfu, wakawa wanajifunza ualimu huku wanafundisha, vijijini mwao, kwa muda wa miaka mitatu. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Darasa lake la kwanza lilikuwa chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina.

Watu waliwacheka walimu hawa. Mpango wenyewe uliitwa UPE, na mitaani herufi hizo zikapewa maana nyingine: Ualimu Pasipo Elimu. Namuomba Mwenyezi Mungu anisamehe, maana na mimi nilicheka pamoja na wenzangu. Nilikuwa kijana, nimepelekwa Tanga mjini kusoma kwa masheikh, najua nahau na sarufi ya Kiarabu, najiona nimefika. Na kitabu nilichokuwa nikikisoma, na nauli iliyonifikisha, na sabuni niliyofulia kanzu yangu, vyote vilitoka katika mshahara mdogo wa yule mwalimu wa chini ya mwembe.

Huyo hakuwamo katika picha ya mahafali yoyote. Lakini watoto aliowafundisha a, e, i, o, u ndio wazazi wa vijana wa leo. Idadi ya wanaofanya mtihani wa kidato cha sita katika miaka ya karibuni imepita laki moja kwa mwaka. Kutoka 176 mpaka zaidi ya laki moja, ngazi hiyo ilijengwa na nani kama si na wale ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kuipanda?

Karo nayo ilirudi katikati ya miaka ya 1980, ikaondolewa tena kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Kijana wa leo asidhani kwamba kisicholipiwa mlangoni hakina mwenye kukilipia. Mama anayenunua kibiriti na sabuni dukani amekwisha changia.

FIDIA YA MATEKA WA BADRI

Katika tarikhi yetu ya Kiislamu kuna tukio moja linalolingana na jambo hili. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walikuwa na mateka wapatao 70. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Wasiokuwa na mali, lakini wakajua kuandika, Mtume wetu (s.a.w.) aliikubali elimu yao iwe ndiyo fidia: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, watoto wakishajua, naye yu huru.

Tazama hekima yake. Mtu alihesabiwa kuwa amelipa pale tu watoto wengine walipoweza kuandika, wala hakuachiwa kwa sababu yeye mwenyewe anajua. Elimu yake ilikuwa ni kitu cha kuwatolea wengine, na alipoitoa haikumpungua.

MANENO MATATU KWA WANAOHITIMU

Basi, vijana wetu mnaohitimu mwaka huu, na nyinyi wazazi mtakaowasomea makala haya, nina maneno matatu.

La kwanza, mnapotazama nyuma hesabuni watu kabla ya kuhesabu shida. Mpishi aliyeamka saa tisa usiku kuwasha kuni, mlinzi wa bweni, mwalimu wa darasa la kwanza, dada aliyebaki nyumbani kuchota maji ili nyinyi msome. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake.

La pili, msiwasahau waliobaki njiani. Wale wawili waliotajwa katika risala wana nyumba, na nyumba zina milango. Nendeni mkabishe hodi.

La tatu, tafuteni watoto kumi. Si lazima uwe mwalimu. Mtihani ukiisha mtakuwa na miezi ya kukaa nyumbani kungoja matokeo. Mtoto wa jirani hajui hesabu za kugawanya. Mzee wa mtaa wa pili hawezi kusoma karatasi ya dawa aliyopewa zahanati. Anzeni hapo, msingoje cheo.

Siku ya pili baada ya mahafali yale nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Amestaafu, macho yamepungua nguvu, lakini bado hunisahihisha ninapotamka neno vibaya. Nikamsimulia yote: nyimbo, keki, na ile risala. Akaniuliza, "Walimtaja mwalimu wa darasa la kwanza?"

Nikamwambia, "La, dada, hawakumtaja."

Akacheka, akasema, "Basi si kitu, mdogo wangu. Maadamu risala waliisoma wenyewe."

Nikatafuta la kumjibu, nisilipate. Nikakumbuka kicheko changu cha ujanani, nikamuomba radhi pale pale, baada ya miaka zaidi ya arobaini. Akasema alikwisha nisamehe zamani, ila alikuwa akingoja kuona kama nitakumbuka.

Mwenyezi Mungu awafaulishe vijana wetu wote katika mtihani wao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kukumbuka madeni yao wakingali na muda wa kuyalipa. Amin.